JOTO LA MWILI CHINI YA 37: UGONJWA AU BIASHARA?



Ndugu wasomaji wetu, akina baba na akina mama, na nyinyi vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni. Leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini linakula pesa za familia zetu, linawatia watu wazima hofu isiyo na sababu, na wakati huohuo linatusahaulisha watoto wachanga ambao kwao jambo hilohilo ni la kufa na kupona. Jambo lenyewe ni joto la mwili kuwa chini.

Yapo mafundisho yanayoenea miongoni mwetu, kwa karatasi zinazogawiwa sokoni, kwa ujumbe wa simu unaopelekwa kutoka kwa mtu hadi mtu, na kwa wauzaji wa dawa za lishe wanaopita nyumba hadi nyumba. Yanasema hivi: pima joto lako asubuhi kabla hujainuka kitandani. Ukikuta liko chini ya nyuzi 37, basi mwili wako umepoa, umetaboli wako umelala, na ndiyo sababu unanenepa, unachoka, huzai, unasahau, nywele zinakatika. Kisha, bila kuchelewa, inatolewa chupa. Chupa hiyo inaitwa ya kuamsha mwili, au ya kupandisha joto, au ya kusafisha tezi.

Sisi tunasema wazi: mafundisho haya si sahihi, na anayeyauza pamoja na chupa anawadhulumu watu. Tusikilizane hatua kwa hatua, maana hatutaki mtu atuamini kwa sababu ya kupaza sauti.

NAMBA 37 IMETOKA WAPI?

Watu wengi wanadhani 37 ni mpaka uliowekwa na maumbile, kwamba ukiwa juu yake una homa na ukiwa chini yake una upungufu. Sivyo. Namba hiyo ilienezwa na daktari wa Kijerumani, Carl Wunderlich wa mji wa Leipzig, katika kitabu alichokitoa mwaka 1868. Alikusanya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, akapata wastani wa nyuzi 37. Zingatia neno hilo, WASTANI. Wunderlich mwenyewe hakusema kwamba mwenye 36.5 ni mgonjwa. Alisema joto la mtu mzima wa afya linakwenda kati ya nyuzi 36.2 na 37.5 hivi, na kwamba linakuwa chini alfajiri na juu jioni. Wafuasi waliochukua namba moja wakaacha maelezo ndio waliotupotosha.

Mwaka 1992, Philip Mackowiak na wenzake huko Maryland, Marekani, walipima watu wazima 148 wenye afya kwa vipimajoto vya kisasa, mdomoni. Wastani ulikuwa 36.8, si 37. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 35,488 waliofika hospitali moja kubwa ya Marekani kwa mambo ya kawaida, bila maambukizi. Wastani wao ulikuwa 36.6.

Na si hayo tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya vipimo 677,423, kuanzia vya askari wastaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani hadi vya watu wa mwaka 2017. Waligundua kwamba joto la binadamu wa huko limekuwa likishuka kizazi baada ya kizazi, kiasi cha nyuzi 0.03 kwa kila muongo wa kuzaliwa. Wanaume waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa na joto lililozidi la wanaume wa leo kwa nyuzi 0.59.

Je, sababu ni nini? Maelezo ambayo watafiti hao waliyapa uzito ni kwamba watu wa zamani waliishi na magonjwa ya muda mrefu yasiyotibiwa: kifua kikuu, kaswende, vidonda, meno yaliyooza. Mwili uliokuwa vitani kila siku ulikuwa unawaka moto kila siku. Maradhi yalipopungua, moto ukapungua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hao wanaokuuzia chupa ili urudi kwenye 37 huenda wanakuuzia joto la watu waliokuwa wagonjwa!

UNAPIMA WAPI, NA SAA NGAPI?

Hapa wanafunzi watusaidie, maana ni hesabu nyepesi.

Kwanza, joto la mwili halikai mahali pamoja. Kati ya alfajiri na alasiri linapanda kwa nusu nyuzi hadi nyuzi moja kwa mtu mwenye afya timamu. Chini kabisa ni kama saa kumi hadi kumi na mbili alfajiri. Juu ni alasiri na jioni.

Pili, kwapani si sawa na mdomoni. Kwapani husoma chini kwa kiasi cha nusu nyuzi.

Tatu, mwanamke kabla ya yai kutoka huwa na joto la chini, na baada ya hapo hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 mpaka hedhi ikaribie.

Nne, umri. Katika ule uchunguzi wa BMJ, kila miaka kumi ya umri ilikwenda na upungufu mdogo wa joto. Babu kuwa na ubaridi kidogo kuliko mjukuu ni jambo la kawaida.

Sasa tazama ujanja. Kipimo wanachokuagiza ufanye ni cha kwapani, alfajiri, kabla ya kuinuka. Yaani wamechagua mahali panaposoma chini na saa ambayo joto liko chini, kisha wanakulinganisha na namba ya juu. Ni sawa na mtu anayepima kina cha mto wakati wa kiangazi, kwenye kivuko, halafu akatangaza kwamba mto umekauka. Ukipima hivyo, watu wengi wenye afya watakuwa chini ya 37. Kanuni inayowafanya wengi wa wazima kuwa wagonjwa ni mtego wa kutafutia wateja tu.

WALIOANZISHA NI AKINA NANI?

Mafundisho haya hayakuzaliwa kwetu. Yalitoka Marekani. Daktari mmoja aitwaye Broda Barnes aliandika kitabu mwaka 1976, akadai kwamba joto la kwapani la asubuhi likiwa chini ya nyuzi 36.6 linaonyesha tezi ya thairoidi haifanyi kazi vya kutosha, hata kama vipimo vya damu havionyeshi kitu. Baada yake akaja daktari wa Florida, E. Denis Wilson, ambaye mwaka 1990 aliupa ugonjwa jina lake mwenyewe na kuwatibu watu kwa homoni ya thairoidi iitwayo T3, akifuata kipimajoto.

Matokeo yake ni ya kusikitisha na yako katika kumbukumbu za umma. Mwaka 1988 mwanamke wa miaka 50, mgonjwa wake, alifariki kwa mapigo ya moyo kuvurugika na mshtuko wa moyo baada ya kuandikiwa homoni hiyo kupita kiasi. Mwaka 1992 bodi ya udaktari ya jimbo la Florida ilimsimamishia leseni kwa miezi 6, ikamtoza faini ya dola 10,000, na akakubali kutoandika dawa za thairoidi mpaka elimu ya tiba iukubali ugonjwa wake. Chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani kilitoa tamko, likarudiwa mwaka 2005, kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa ugonjwa huo upo.

Basi kinacholetwa kwetu leo kama elimu mpya iliyofichwa na madaktari ni bidhaa iliyokwisha kukataliwa kwao zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kwa nini tuwe jaa la mabaki ya wenzetu?

LAKINI THAIROIDI SI NDIYO INAYOTAWALA JOTO?

Hapa tuwe waadilifu, maana kumjibu mtu kwa dhulma si kumjibu. Ni kweli kabisa kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo kama kipepeo, hutoa homoni zinazoamrisha kasi ya mwili kuunguza chakula. Kasi hiyo ndiyo tunayoiita umetaboli, na joto ni moshi wa jiko hilo. Tezi ikilegea, mtu huhisi baridi wenzake wakiwa hawahisi, huchoka, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti huwa nzito, moyo hupiga polepole, hedhi huwa nyingi, uzito huongezeka. Ugonjwa ukifika mbali bila tiba, joto linaweza kushuka mpaka maisha yakawa hatarini. Haya hatuyakanushi.

Tunachokanusha ni kugeuza maneno. Waswahili walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu ni mvua. Mwenye thairoidi iliyolegea anaweza kuwa na baridi, lakini mwenye baridi si lazima awe na thairoidi iliyolegea.

Na ushahidi upo. Katika uchunguzi ule wa watu 35,488, watafiti waliangalia wale wenye upungufu wa thairoidi, wakakuta joto lao liko chini ya wengine kwa nyuzi 0.013. Soma tena: si nyuzi moja, wala nusu, wala sehemu ya kumi. Ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya mia. Kipimajoto cha dukani kinasoma sehemu ya kumi tu. Hakiwezi kabisa kuuona ugonjwa huo. Kumpima mtu thairoidi kwa kipimajoto ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya viazi.

Tena uchunguzi huohuo ulionyesha jambo la kinyume na wanayohubiri wauzaji. Wale ambao joto lao lilizidi bila sababu inayojulikana ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki ndani ya mwaka uliofuata. Sasa nani anayetaka kupandishiwa joto kwa pesa yake?

Kipimo cha thairoidi ni cha damu. Kinaitwa TSH. Ni homoni inayotoka ubongoni kuiamrisha tezi ifanye kazi. Tezi ikiwa mvivu, ubongo hupiga kelele, TSH inapanda. Ikipatikana hivyo, dawa ipo, inaitwa levothairoksini, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Humezwa tumbo likiwa tupu, kabla ya chakula kwa nusu saa hadi saa moja, na haichanganywi kwa wakati mmoja na vidonge vya kuongeza damu wala vya chokaa. Ziachane kwa saa 4. Anayeitumia asiiache mwezi wa Ramadhani. Inaweza kuhamishiwa usiku, saa kadhaa baada ya futari, au kabla ya daku, kwa kushauriana na daktari wake.

"MIMI NILITUMIA NIKAPATA NAFUU"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila mara, na hatumwiti anayelisema mwongo. Tunamwuliza tu: nafuu hiyo imetoka wapi?

Inaweza kutoka katika mambo matatu. La kwanza, uchovu mwingi huja na kuondoka wenyewe, na mtu hununua dawa siku aliyozidiwa. Siku inayofuata huwa nyepesi hata kama angekunywa maji matupu. La pili, baadhi ya chupa hizi hazisemi zina nini ndani. Ikiwa ndani mna homoni ya thairoidi au kichangamshi kingine, hakika utachangamka. Punda akipigwa naye hukimbia, lakini hajapona. Homoni hiyo ikizidi kwa mtu asiyeihitaji huvuruga mapigo ya moyo na hudhoofisha mifupa, hasa kwa akina mama waliokwisha koma hedhi. La tatu, mtu akisikilizwa kwa dakika 40 na muuzaji mpole, baada ya kusubiri tangu asubuhi hospitalini na kuhudumiwa kwa dakika 3, hurudi nyumbani na moyo mweupe. Hilo ni somo kwa watoa huduma wetu pia. Lugha ya kukaripia wagonjwa ndiyo inayowajaza watu kwenye vibanda vya chupa.

Lakini hasara kubwa ni ya KUCHELEWA. Mama anayechoka, anayehisi baridi na kizunguzungu, mara nyingi ana upungufu wa damu. Au ana malaria isiyotibiwa sawasawa. Au ana kisukari. Au ni mjamzito na hajajua. Au ana huzuni nzito ambayo hana wa kumwambia. Kila mwezi anaokunywa chupa ni mwezi ambao ugonjwa wake wa kweli unaota mizizi. Muuzaji hatakuwepo siku ya kubeba machela.

PALE AMBAPO BARIDI INAUA KWELI

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma zaidi. Tunababaishwa na 36.4 ya mtu mzima aliyekula akashiba, na hatushtuki tunapoguswa na mguu wa barafu wa mtoto wa siku mbili.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likiwa 36.0 hadi 36.4 ameanza kupoa. Likiwa 32.0 hadi 35.9 hali ni ya hatari. Chini ya 32 ni hatari kubwa mno. Mtoto ametoka katika tumbo la mama lenye joto, amelowa maji, kichwa chake ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, na hajui kutetemeka kama sisi. Anachoweza ni kuunguza mafuta maalumu aliyozaliwa nayo, na moto huo unakula sukari na hewa safi ya mwili wake. Vikiisha, hulegea, hunyamaza, hukataa ziwa. Jamaa husema, "Mtoto mtulivu huyu, halii." Kumbe anaondoka.

Na aliyezaliwa kabla ya wakati yuko hatarini maradufu. Usidhani baridi hii ni ya Ulaya. Milimani kwetu Burundi, Rwanda na Kivu usiku ni baridi, na hata bondeni Bujumbura au pwani kwenye joto, mtoto aliyelowa akaachwa mezani hupoa.

Tuyataje makosa yanayofanyika majumbani bila kuoneana haya:

1. Mtoto huogeshwa mara tu anapozaliwa ili "awe safi" kabla ya wageni. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri saa 24. Akaushwe vizuri kwa kitambaa kikavu, hilo linatosha kwanza.

2. Mtoto huwekwa peke yake, amefungwa nguo nyingi, mbali na mama. Nguo hazizalishi joto, zinalihifadhi tu. Joto liko kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na nguo juu yao wote wawili.

3. Ziwa hucheleweshwa kwa kusubiri maziwa meupe, akapewa maji ya sukari. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ndiyo kuni za jiko lake. Anyonye ndani ya saa moja ya kuzaliwa.

4. Siku ya saba, wazazi wanaomfanyia mtoto akika humnyoa nywele. Ni jambo jema. Lakini kichwa kilichonyolewa hupoteza joto haraka. Achaguliwe wakati wa jua, mlango ukiwa umefungwa upepo, akaushwe mara moja na avishwe kofia. Na ikiwa ni njiti au mgonjwa, mwulizeni muuguzi kwanza.

Elimu ya kumbeba mtoto kifuani ni rahisi na haina chupa. Ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu hospitali yake ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 kasoro. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0. Waliosubiri mpaka hali itulie kwanza, asilimia 15.7. Yaani katika kila vifo vinne, kimoja kilizuiwa, na dawa ilikuwa kifua cha mama! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza ifanyike hivyo mapema iwezekanavyo. Baba naye ana kifua. Asione haya.

Nyumbani msipokuwa na kipimajoto, gusa tumbo na nyayo kwa mkono wenye joto. Tumbo likiwa na joto na nyayo baridi, ameanza kupoa, mweke kifuani sasa hivi. Vyote viwili vikiwa baridi, mweke kifuani na mwende hospitali mkiwa hivyohivyo njiani. Na jueni kwamba mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu mara nyingine hapati homa, bali anapoa. Akiwa chini ya 35.5 ni dalili ya hatari sawasawa na homa kali.

JIKO HALIWAKI BILA KUNI

Wanaotaka kujua uhusiano wa kweli wa joto na umetaboli wautazame mwili wenye njaa. Mwaka 1944 hadi 1945 huko Minnesota, Marekani, profesa Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa miezi 6. Umetaboli wao ulishuka kwa kiasi cha asilimia 40, joto la mwili likashuka, wakawa wanavaa makoti wakati wengine wanatokwa jasho. Mwili hauna uzembe hapo. Unabana matumizi, kama mama mwenye busara anayepunguza moto akiona kuni zinaisha.

Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali akikutwa na joto la kwapani chini ya nyuzi 35, wauguzi hawaanzi kwa kumpandishia joto peke yake. Wanajua kwamba pengine sukari ya damu nayo imeshuka, na huenda kuna maambukizi yaliyojificha. Wanamfunika, wanampa sukari, wanamlisha kidogokidogo usiku na mchana, wanampa dawa ya maambukizi. Tiba ni chakula na matibabu. Mtu mzee naye akipoa ghafla chini ya 35, akawa anachanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali, wala si habari ya chupa.

MADINI JOTO TUNAYOYADHARAU

Na lipo la mwisho, ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu linapatikana kwa bei ya kijiko cha chumvi. Thairoidi haiwezi kutengeneza homoni yake bila iodini. Ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri, wanaiita madini joto. Nchi zetu hizi za milima na maziwa, mbali na bahari, udongo wake una madini hayo kidogo.

Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kinajulikana duniani katika elimu hii. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikuta kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana rovu, ilhali kusini magharibi walikuwa wachache sana, ingawa iodini ilikuwa pungufu pande zote. Walipochunguza, walimkuta mshirika wa pili: mihogo isiyoandaliwa vizuri, ambayo sumu yake huizuia tezi isichukue iodini. Huko na sehemu nyingine za Kongo walionekana watoto waliodumaa mwili na akili, wenye ngozi baridi na kavu, kwa sababu tezi zao zilinyimwa madini tangu tumboni. Hao ndio waliopoa kweli, ndugu zangu. Na hakuna chupa inayoweza kumrudishia mtoto akili iliyopotea tumboni.

Kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Tangu miaka ya 1990 serikali za eneo hili zimeihimiza na kuitungia sheria. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Inunuliwe ya pakiti yenye alama, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mihogo michungu ilowekwe siku kadhaa, ianikwe ikauke. Wala mtu asikimbilie matone ya iodini ya kunywa, kwani iodini ikizidi nayo huivuruga tezi ileile.

TUNATAKA NINI?

Hatuishii kulalamika. Tunataka haya.

Kwa wanaouza chupa hizi: andikeni ndani mna nini, na mwonyeshe kibali. Mkishindwa, rudisheni pesa za watu. Biashara ya kumtia mzima hofu ili anunue utulivu ni kula mali ya mtu kwa batili.

Kwa wasimamizi wa misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama: msitoe ukumbi wala kipaza sauti kwa muuzaji wa dawa kwa sababu tu amekuja na salamu na kanzu. Mwombeni mkunga au muuguzi wa mtaa badala yake, awafundishe mabinti zetu namna ya kumbeba mtoto kifuani.

Kwa wanafunzi: mkiletewa namba, ulizeni maswali matatu. Imepimwa wapi? Saa ngapi? Imelinganishwa na nini? Anayekasirika kwa maswali hayo, mmemjua.

Kwa akina mama mliochoka: uchovu wenu ni wa kweli, na hatuwaambii mjikaze. Tunawaambia nendeni mkapimwe damu, malaria, sukari, na daktari akiona haja, TSH. Pesa ya chupa mbili tatu iende maabara.

Na kwa kila nyumba: kipimajoto mlichonacho kisiwe cha kumtishia mtu mzima asiye na ugonjwa. Kiwekwe karibu na kitanda cha mzazi, kwa ajili ya yule mdogo asiyeweza kusema kwamba anahisi baridi.

Mwenyezi Mungu atuafu na atuhifadhie vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.